Nani Kasema Nyeri Imeshiba?

Mwanahabari wa Nairobi akimwambia mhariri wake kwamba anataka kuchunguza ukosefu wa usawa wa elimu katika kaunti ya Nyeri, kitu cha kwanza anachopata ni kicheko. Cha pili ni ushauri: apande gari aende Lodwar au Garissa, huko ndiko kwenye habari. Nyeri ilishashiba. Imetoa rais, imetoa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, ina vyuo vikuu viwili vya umma, Dedan Kimathi na Karatina, na shule zake za bweni zimekuwa zikijaza ofisi za serikali tangu bendera ya mkoloni iteremshwe. Wenyeji wenyewe wakiulizwa, wengi huitikia hivyo hivyo, ila wao huongeza kipande cha pili: mtoto wa Nyeri akifeli, lawama ni ya uvivu wake, pombe ya babake au simu ya mkononi.

Rai hii haina mwenyewe mmoja. Husikika kwenye redio asubuhi, kwenye harambee, kwenye mikutano ya wazazi na hata kwa walimu waliochoka. Inafaa kupingwa kwa hesabu, kwa sababu yenyewe hujigamba kwamba imesimama juu ya hesabu.

Hesabu hiyo hii hapa. Utafiti wa bajeti za kaya uliofanywa mwaka 2015/16 na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, uliiweka Nyeri katika asilimia 19.3 ya umaskini. Ni Nairobi pekee iliyokuwa na kiwango cha chini zaidi, asilimia 16.7. Wastani wa nchi ulikuwa 36.1, na Turkana ilikuwa 79.4. Hakuna anayebisha kwamba mtoto wa Turkana ana mzigo mzito kuliko wa Nyeri kwa jumla, na atakayejaribu kubisha aaibike. Lakini asilimia 19.3 ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Katika darasa la watoto 40, hao ni wanane. Wako wapi? Wanasoma shule gani? Wanafika kidato cha nne?

Utafiti ule hauwezi kujibu. Ulilenga kaya 24,000 nchi nzima, yaani takribani 500 kwa kila kaunti, na ulipangwa utoe picha ya kaunti nzima. Anayetaka kujua hali ya wadi ya Mugunda ikilinganishwa na ya Karatina mjini anatafuta dagaa kwa wavu wa kuvulia papa. Hapo ndipo rai ya kushiba inapopata pa kujificha: watu husoma namba ya kaunti kana kwamba ni namba ya kila kijiji, kisha husema takwimu zimesema.

Atokaye Nyeri mjini kwa barabara ya Nyahururu hupita Mweiga, na kabla ya kwenda mbali huona nchi ikibadilika rangi. Chai na kahawa za Tetu na Othaya huisha, vikaanza viazi, kabeji, vitunguu na malisho makavu. Upande wa barabara ya Nanyuki, ukishapita Kiganjo kuelekea Naro Moru, ni vivyo hivyo. Hii ndiyo Kieni, eneo bunge kubwa kuliko yote ya Nyeri kwa ardhi, lenye wadi nane, lililokaa katika kivuli cha mvua kati ya Aberdare na Mlima Kenya. Mawingu humwaga mzigo wake juu ya milima, Kieni ikabaki kusubiri. Sehemu kubwa yake ilikuwa mashamba ya walowezi, watu wakagawiwa au kununua baadaye, wengine wakabaki vibarua. Mtoto wa Othaya na mtoto wa Gatarakwa kule Kieni wana gavana mmoja na wastani mmoja, basi.

Na pengo la ndani ya eneo la Mlima Kenya halikuanza na ukame. Kati ya 1954 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru na kuwasonganisha katika vijiji takribani 800 vyenye mahandaki na ulinzi. Wakati huo huo mashamba yalikuwa yakipimwa, kuunganishwa na kuandikishwa chini ya Mpango wa Swynnerton. Aliyekuwa kijijini akiwa mwaminifu kwa serikali alihudhuria upimaji. Aliyekuwa msituni akipigana nayo au kizuizini alirudi akakuta mipaka imeshachorwa. Hati za ardhi zilizotoka pale ndizo zilizowekwa rehani baadaye kulipia karo. Wasio na ardhi walibaki vijijini na kwenye mitaa ya mabanda kama Witemere na Kiawara, dakika chache tu kutoka kwenye mahakama na benki za Nyeri mjini. Anayesema Mlima ulikula meza moja na afafanue nani alikaa mezani na nani alikuwa akiosha vyombo.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba Kenya iliwahi kuwa mbele katika kutazama chini ya wastani. Shirika la Society for International Development lilitoa ripoti yake ya kwanza ya pengo la kimaisha mwaka 2004, na mwaka 2013 likishirikiana na KNBS likashuka hadi ngazi ya wadi, likitumia sensa ya 2009. Ghafla Mkenya aliweza kuona tofauti kati ya wadi mbili zinazopakana: nani ana maji, nani anapikia kuni, nani alifika sekondari. Kabla ya hapo, Julai 2011, Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya na ndiye aliyefuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, alizindua tovuti ya takwimu huria za serikali, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani.

Ndani ya tovuti hiyo mlikuwa na faili moja lisilo na mvuto wowote kwa macho: orodha ya shule za msingi kutokana na uchoraji ramani wa 2007. Kila mstari ni shule moja, na vipimo vya mahali ilipo. Ukisogea kulia unakuta idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, kwa kila darasa, na kwa kila choo. Choo! Kwa mhariri wa zamani hiyo si habari. Irene Choge wa NTV aliona vingine. Alitafuta takwimu za vyoo na maji shuleni, akaziweka kando ya matokeo ya mitihani, na uhusiano ukajitokeza: palipokosa vyoo, mitihani nayo ilikwenda vibaya. Mtoto wa kike anayebaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa pa kujisitiri hawezi kuitwa mvivu na mtu mwenye haya.

Baadaye tovuti ile ilizeeka bila kulishwa. Faili la 2007 likaendelea kunukuliwa na watu ambao walipoanza kulitumia watoto waliohesabiwa humo walikuwa wameshamaliza shule. Hili halikuzuia kazi kabisa. Meza ya takwimu ya Nation, Newsplex, iliendelea kuchambua madai ya wanasiasa kwa namba, na watafiti wa Uwezo, na sasa Usawa Agenda, wamekuwa wakipiga hodi nyumba kwa nyumba kupima kama watoto wanajua kusoma. Uwezo ndio waliowashtua Wakenya kwamba watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio wanaoweza kazi ya darasa la pili. Kila kazi ya aina hii imevunja wastani fulani na kuonyesha kilichokuwa chini yake.

Hata hivyo, kila Januari nchi hurudi kwenye muziki ule ule. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanatangazwa, na kabla ya saa nane mchana mwalimu mkuu yuko mabegani mwa walimu wenzake, matawi yanapeperushwa, kamera iko tayari. Serikali iliacha kuorodhesha shule mwaka 2014, waziri akiwa Jacob Kaimenyi, kwa hoja kwamba mashindano yalikuwa yanawaumiza watoto. Orodha haikufa, ilihamia WhatsApp. Sasa kila shule hujitengenezea bango lake lenye picha ya mwalimu mkuu, wastani wenye sehemu mbili za desimali, na idadi ya watakaokwenda chuo kikuu. Shule iliyofanya vibaya haitengenezi bango. Kwa hiyo gazeti linalokusanya mabango hayo na kuyapanga linachapisha habari za walioamua kujitangaza, na kuziita matokeo ya Mlima Kenya.

Hata bango likiwa la kweli tupu, linapima nini? Tuseme shule A ilipokea watoto wenye alama 400 na zaidi kati ya 500 za KCPE, mtihani wa darasa la nane, ikawatoa na wastani wa B. Shule B, ya kutwa, ilipokea wenye 220, ikawatoa na C ya kawaida. Ni ipi iliyofundisha? Anayebeba mwalimu mkuu wa A mabegani anashangilia uchaguzi uliofanywa na kompyuta ya wizara miaka minne nyuma. Uingereza, ambayo haina sifa ya kuwa paradiso ya usawa, iligundua kasoro hii na mwaka 2016 ikaanza kuzipima sekondari zake kwa kipimo cha Progress 8, kinachouliza mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipoanzia.

Kenya ina kila kitu cha kufanyia hesabu hiyo. Baraza la Mitihani, KNEC, limeshika alama za KCPE na za KCSE za mtoto yule yule. Waliofanya KCSE ya 2023, watahiniwa 899,453, walikuwa na alama zao za darasa la nane tayari. Kati yao 201,133 walipata C+ na zaidi, yaani kama asilimia 22, na 48,174 walipata E. Namba hizi zilisomwa kwa jumla ya nchi, zikapigiwa makofi. Ni kwa kuzishusha hadi shule moja moja, na kuziunganisha na alama za kuingilia, ndipo mtu angejua kama E za Kieni zilizaliwa Kieni au zilifika zikiwa njiani tayari kutoka shule za msingi. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Kundi hilo litafanya KCSE ya mwisho 2027. Baada ya hapo mizani hiyo miwili haitakutana tena katika mtoto mmoja.

Wanaoabudu juhudi wana jibu lao: mbona wapo waliotoka vijijini wakafika? Wapo. Wangari Maathai ndiye hutajwa kwanza, na ni vizuri atajwe vizuri. Alizaliwa Ihithe mwaka 1940 na alikwenda shule kwa sababu kakake mkubwa alimuuliza mama yao kwa nini dada yake hasomi, na mama akakubali. Kisha akapata misheni ya Kikatoliki ya Mathari, kisha Loreto Limuru, kisha mwaka 1960 nafasi katika safari za ndege zilizowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kwa ufadhili. Akili na juhudi zake hazina mjadala. Lakini katika kila ngazi palikuwa na mlango uliofunguliwa na mtu mwingine, na swali la mwanahabari wa takwimu ni wasichana wangapi wa Ihithe, wenye akili hiyo hiyo, hawakuwa na kaka wa kuuliza.

Leo milango ina bei iliyochapishwa. Karo rasmi ya mzazi katika shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na kiwango hicho hicho hutozwa na shule za bweni zilizo katika miji michache mikubwa, Nyeri ukiwa mmojawapo. Kwingineko ni 40,535. Hapo hujanunua godoro, sanduku, sare, wala nauli. Serikali huahidi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kinachofika ni kama 16,900. Pengo hilo hujazwa na mzazi. Wa Othaya mwenye bonasi ya chai hulijaza kwa kunung'unika. Kibarua wa viazi wa Mugunda, Kieni, hulijaza kwa mtoto kurudishwa nyumbani.

Upande wa msingi kuna hoja nyingine inayopendwa, na hii imevaa suti: kwamba shida ya Nyeri ni watoto wachache, kwa hivyo rasilimali zimezidi. Ni kweli watoto wamepungua. Mlima huzaa kidogo. Utafiti wa afya wa 2014 ulikuta mwanamke wa Kirinyaga ana wastani wa watoto 2.3, kiwango cha chini kuliko kaunti zote. Madarasa yaliyojengwa kwa harambee za miaka ya sabini yana mwangwi. Lakini mgao wa serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Shule yenye watoto 90 inapata 127,800. Walimu hulipwa na mwajiri wao, TSC, kando, sawa. Mengine yote ni kwa fedha hizo: mwalimu mkuu anunue chaki, alipe umeme, akarabati bomba na mabati, achapishe mitihani. Ni fedha zisizofika karo ya mwaka mmoja ya wanafunzi watatu wa shule ya kitaifa. Paa halivuji nusu kwa sababu watoto ni nusu. Mfumo unaohesabu vichwa tu unaiadhibu shule ndogo, wazazi wanaiona ikichakaa, wenye uwezo wanawahamishia watoto wao akademia, vichwa vinapungua tena, na mgao unafuata. Kisha mtu anasimama kwenye mkutano kusema rasilimali zimezidi.

Ni katika Kieni hiyo hiyo ndipo usiku wa Septemba 5, 2024 bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy lilipoungua. Wavulana 21 walikufa. Ndani mlikuwa mnalala zaidi ya 150, watoto wa shule ya msingi. Kesho yake Naibu wa Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alisema watoto 70 hawajulikani walipo; wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi, na kwa siku kadhaa nchi haikuwa na orodha inayoaminika ya nani alilala humo. Miezi miwili na ushei baadaye wizara iliamuru mabweni ya shule za msingi 348 yafungwe kwa kutotimiza masharti ya usalama. Shule 348 hazikuharibika kati ya Septemba na Novemba. Zilikuwepo, na hali zao zilikuwa zinaweza kukaguliwa, kuandikwa kwenye jedwali na kuwekwa mahali ambapo mzazi wa Endarasha angeweza kulisoma kabla ya kumpeleka mtoto wake. Kama kungekuwa na faili la wazi la ukaguzi wa mabweni, mwandishi yeyote wa Nyeri mwenye kompyuta ya kawaida angelipanga kwa alasiri moja.

Wapo wanaokubali haya yote, kisha wakasema namba ni baridi, namba huaibisha shule maskini, namba hudanganya. Pingamizi hili lina uzito kuliko yale mengine. Shule ya watahiniwa 15 hupanda na kushuka kwa sababu ya watoto wawili. Kuitangaza kuwa imeporomoka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine ni upuuzi, na mwandishi makini huchukua miaka kadhaa kwa pamoja. Alama za mtoto ni siri yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Lakini dawa ya hesabu mbovu ni hesabu nzuri. Anayeficha faili zima kwa kisingizio cha kuwalinda watoto anawalinda watu wazima.

Mfano ulio karibu zaidi na Nyeri, ajabu, uko Florida. Kaunti ya Pinellas nayo ilikuwa na wastani wa kupendeza na fukwe za watalii. Mwaka 2015 waandishi wa gazeti la Tampa Bay Times walionyesha kwamba shule tano za msingi katika mitaa ya watu weusi ya St. Petersburg zilikuwa zimeporomoka baada ya bodi ya elimu kuachana na mpango wa kuchanganya wanafunzi mwaka 2007: asilimia 95 ya wanafunzi weusi wa shule hizo walikuwa wakifeli kusoma au hesabu. Maafisa walitoa jibu lile lile la mikutano ya wazazi ya Karatina, kwamba ni umaskini na malezi. Waandishi wakatafuta shule nyingine zenye umaskini sawa, wakakuta nyingi zikifanya vizuri zaidi. Jibu likafa papo hapo. Serikali ya Marekani ilifungua uchunguzi, na gazeti likapata Tuzo ya Pulitzer ya 2016. Hawakuhitaji kaunti maskini. Walihitaji kaunti tajiri na ujasiri wa kuipasua.

Wanasiasa wa Mlima nao wana sababu zao za kupenda wastani. Seneti ilipokwama wiki baada ya wiki mwaka 2020 kuhusu mgawo wa fedha za kaunti, na tena katika mikutano ya 2024, wimbo ulikuwa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kila mkazi wa Kieni alihesabiwa kwa ukamilifu ili Mlima udai haki yake. Kanuni hiyo hiyo ikigeuzwa ndani ya kaunti, shilingi moja kwa kila mtoto awe Mathira au Mwiyogo ya Kieni, wimbo hukatika. Jedwali la basari za maeneo bunge na za kaunti, kwa wadi na kwa aina ya shule, lingeonyesha haraka kama fedha zinamfuata mhitaji au zinamfuata mwenye barua ya kujiunga na shule kubwa.

Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa afisa siku 21 za kujibu. Akinyamaza, kuna Tume ya Utekelezaji wa Haki. Mwandishi wa Nyeri anayetaka kuanza hahitaji ruhusa ya Nairobi: barua moja kwa KNEC akiomba matokeo ya kila shule pamoja na wastani wa alama za kuingilia, bila majina ya watoto, moja kwa wizara akiomba ripoti za ukaguzi wa mabweni, moja kwa kaunti akiomba orodha ya basari kwa wadi. Ile ya KNEC ndiyo ya kutangulizwa, kwa sababu KCSE ya mwisho ni ya 2027.